JE, WAJUA? Zanzibar ilipotweka tanga hadi New York

Tarehe 30 Aprili 1840, watu wa New York walifurika bandarini kuwatazama wageni wenye vilemba. Merikebu Sultana, mali ya Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, ilikuwa imetoka Zanzibar kwa nguvu ya upepo tu, ikizunguka kusini mwa Afrika. Karibu miezi mitatu majini!

Ilipakia karafuu, tende, kahawa, ngozi na pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara.

Mjumbe wa sultani, Ahmad bin Na'aman, alichorwa picha na mchoraji Edward Mooney.

Kituko kilikuwa farasi wawili wa Kiarabu, zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Sheria ilimkataza kupokea. Wakapigwa mnada, fedha zikaingia hazina. Marekani nayo iliikarabati Sultana bure.