Filamu ikizuiwa, nani anafichwa?

Mwanzoni mwa Septemba 2015, Kinshasa ilikuwa inasubiri kuonyeshwa filamu kuhusu daktari wa Bukavu. Daktari mwenyewe ni Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi. Filamu inaitwa L'Homme qui répare les femmes, na imetengenezwa na Mbelgiji Thierry Michel akishirikiana na mwandishi wa habari Colette Braeckman. Zikiwa zimebaki siku chache, Lambert Mende, waziri wa mawasiliano na msemaji wa serikali, akatangaza kwamba haitaonyeshwa nchini.

Filamu ile inazungumzia ubakaji toka mwanzo hadi mwisho: miili ya wanawake, watoto wadogo waliotendewa unyama, upasuaji wa kurudisha kilichochanwa. Kwa desturi zetu, mtu angetegemea kusikia kwamba hayo ni mambo ya aibu na watoto wasiyaone. Hoja ya waziri ilikuwa nyingine kabisa. Alisema filamu inalichafulia jina jeshi la taifa, na kwamba maneno ya waathiriwa, waliosema kwa lugha za kwao, hayakutafsiriwa sawasawa. Makelele yakawa mengi, Umoja wa Mataifa nao ukasema yake, na mwezi wa Oktoba mlango ukafunguliwa. Miaka mitatu baadaye Mukwege akapewa tuzo ya Nobel ya amani, na viongozi walewale wakampongeza.

Hapa Kisangani, katika komini ya Kabondo, kazi hiyo ya kuzuia inafanywa na wazee wenyewe bila kungoja waziri. Umeme ukirudi jioni, televisheni moja inaweza kukusanya parseli nzima: mama mwenye nyumba kwenye kiti, wapangaji kwenye mabenchi, watoto wa jirani chini kwenye mkeka. Igizo linaendelea, watu wanacheka, mara kijana na msichana wa kwenye skrini wanasogeleana. Papa anakohoa. Mtu anatafuta rimoti. Asipoiona, mtoto mmoja anatumwa ghafla akalete maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Dakika mbili baadaye, katika igizo lilelile, mtu anapigwa risasi tumboni na damu inaruka ukutani, na hapo hakuna anayekohoa wala anayetumwa maji.

Siwacheki wazee. Heshima kati ya wakubwa na watoto ni kitu kizuri, na nyumba isiyo na mambo ya kunyamaziwa haina wakubwa ndani yake. Ila kimya cha sebuleni kina mipaka yake. Kinaanza kuharibika pale wenye mamlaka wanapokiazima, kwa sababu wao wana mengine ya kuficha.

Angalia Kampala. Februari 2005 wanawake wa Uganda walijiandaa kuigiza The Vagina Monologues, tamthilia ya Mmarekani Eve Ensler, katika ukumbi wa taifa. Fedha zingeenda kuwasaidia wanawake walioumizwa na vita vya kaskazini mwa Uganda. Baraza la vyombo vya habari likaizuia kabla pazia halijafunguliwa, likisema inahubiri ushoga, ukahaba na vitendo vilivyo kinyume cha maumbile. Wakaambiwa waondoe sehemu zinazoudhi, nao wakakataa. Ukweli ni kwamba jina peke yake lilitosha kuwatia watu homa, na sidhani wote waliopiga kelele walikuwa wameusoma ukurasa hata mmoja.

Sisi wa Kisangani tuna haki ya kuutazama mwaka huo kwa jicho letu. Uganda iliyoona aibu ya tamthilia mwezi wa Februari ndiyo iliyohukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague tarehe 19 Desemba, mwaka uleule wa 2005, kwa yaliyotendwa na jeshi lake katika Kongo. Mji huu ulikuwa ndani ya kesi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana juu ya vichwa vyetu kwa mizinga, katika vita ambavyo hata mtoto wa leo anavijua kwa jina: Vita vya Siku Sita.

Mwandishi wa tamthilia hakuishia Kampala. Shirika lake, V-Day, lilifika Bukavu, likashirikiana na watu wa Panzi na UNICEF, na Februari 2011 ikafunguliwa Cité de la Joie, makao ambamo wanawake waliobakwa wanaishi kwa miezi kadhaa, wanatibiwa moyo na kujifunza kusimama tena. Inaongozwa na Christine Schuler Deschryver, mwanamke wa hukohuko.

Wazungu nao wana yao. Uingereza, kituo cha Channel 4 kilipanga kuonyesha Machi 2007 wiki nzima ya vipindi kuhusu punyeto. Ndiyo, wiki nzima. Wakubwa wa televisheni wakakishambulia, wakiuliza kama hiyo ndiyo huduma kwa umma, na kituo chenyewe kikaviondoa kabla havijarushwa. Hakuna waziri aliyehitajika. Kilichosaidia ni kwamba Januari ya mwaka huo kituo hicho kilikuwa kimetikiswa na kashfa ya ubaguzi dhidi ya mwigizaji wa Kihindi Shilpa Shetty katika Celebrity Big Brother, na jina la kituo lilikuwa limekwishapata doa. Kwa hiyo hata London, penye uhuru wote huo, kipindi cha ngono kilianguka kutokana na hesabu ambazo hazikuwa za ngono.

Turudi nyumbani, maana sisi tunaye wetu. Dieudo Hamadi ni mzaliwa wa Kisangani. Mwaka 2017 alitoa Maman Colonelle, filamu kuhusu Kanali Honorine Munyole, polisi aliyekuwa akisimamia kikosi cha kulinda wanawake na watoto huko Bukavu, kisha akahamishiwa huku kwetu. Mama huyo wa kazi, mjane mwenye watoto wa kulea, anafika mji asioujua na kufungua mlango wa ofisi. Wanaokuja ni wajane na wanawake waliobakwa wakati wa Vita vya Siku Sita. Miaka zaidi ya kumi na tano imepita, na wengine wanaeleza kana kwamba wametoka huko asubuhi. Anawatafutia nyumba, iliyo gofu. Anakwenda sokoni kuwaombea msaada kwa watu ambao wenyewe hawana. Hakuna kitanda wala uchi katika filamu ile, na bado inaeleza ubakaji waziwazi kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona.

Berlin iliipa tuzo, Paris ikaipa tuzo kubwa ya tamasha la Cinéma du Réel. Miaka mitatu baadaye Hamadi akatoa En route pour le milliard, akifuata walemavu wa vita vilevile wanavyoshuka mto hadi Kinshasa kwa mashua, kudai fidia yao. Ingekuwa juu yangu, filamu hizo mbili zingerushwa na televisheni ya taifa kila tarehe 5 Juni saa mbili usiku, sauti ikiwa juu, na papa akohoe akitaka.

Maana sheria tunayo. Ile namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 ilibadilisha kanuni ya adhabu na kuupa ubakaji maana pana kuliko ile ya zamani. Lakini sheria haimfundishi msichana wa Kabondo atamke nini mbele ya polisi, wala mvulana mwenzake kwamba kukubaliwa si kitu cha kunyang'anywa. Hayo wanayachota kwenye simu, ambayo haikohoi na haina wa kuituma maji.

Februari 2022 mahakama ya The Hague ikarudi na bei: Uganda ilipe dola milioni 325, kwa awamu tano za kila mwaka, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu, ubakaji ukiwemo. Mfuko wa kugawa fedha hizo, FRIVAO, una makao yake hapahapa Kisangani. Mwanamke aliyebakwa mwaka 2000, akitaka haki yake, itambidi amweleze mtu wa ofisi, pengine kijana wa umri wa mwanawe, mambo ambayo waliokuwa naye nyumbani miaka yote hii hawajawahi kumuuliza.