Majina ya miungu yasitupotoshe

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunisahihisha darasani, nami namshukuru hadi leo. Nilikuwa nikieleza kwamba Varuna, mungu wa kale wa Wahindi, na Ouranos, mungu wa mbingu wa Wagiriki, wana jina moja lililorithiwa kutoka lugha moja mame. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona sauti za majina hayo hazifuati kanuni ulizotufundisha wiki jana?" Sikuwa na jibu. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kosa langu lilikuwa la wengi kabla yangu. Tangu William Jones alipotangaza mjini Calcutta mwaka 1786 kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zina chimbuko moja, wataalamu wamejaribu kuigundua dini ya waliozungumza lugha hiyo ya kale. Walianza vyema. Dyaus Pitar wa Veda, Zeus Pater wa Wagiriki na Jupiter wa Warumi ni jina moja, yaani "Mbingu Baba", na sauti zake zinalingana kwa kanuni. Vivyo hivyo Ushas, mungu wa kike wa alfajiri, ni nduguye Eos wa Ugiriki na Aurora wa Roma.

Hata hivyo, Dyaus, ambaye nasaba ya jina lake haina shaka, hana utenzi hata mmoja wa peke yake katika Rigveda yenye tenzi 1,028. Indra, shujaa anayesifiwa katika takribani robo ya tenzi hizo, jina lake halina mwenzi wa hakika barani Ulaya. Je, alitoka wapi? Hapo ndipo wataalamu hugawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba sifa zake, mathalani kushika radi na kuliua joka, ni urithi wa kale ingawa jina ni jipya. Wengine hudai kuwa jina lenyewe liliazimwa kutoka kwa wenyeji wa Asia ya Kati.

Ushahidi nao hautoki India pekee. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa Boğazköy, nchini Uturuki, mwanzoni mwa karne ya 20, vina mkataba wa karne ya 14 kabla ya Kristo baina ya Wahiti na ufalme wa Mitanni. Miongoni mwa miungu walioitwa kuushuhudia ni Mitra, Varuna, Indra na Nasatya. Aidha, katika Avesta, kitabu kitakatifu cha Wazoroasta wa Iran, Indra huyo huyo ni pepo mwovu! Waama, jina laweza kurithiwa na maana yake ikapinduka.

Hata hapa kwetu mfano upo. Wakikuyu na Wakamba husema lugha za Kibantu, lakini jina Ngai lilitoka kwa Wamaasai, wanaosema Enkai. Nani atadai kwamba kwa sababu hiyo lugha zao si za Kibantu?

Nayasema haya kwa kuwa ulinganishi wa pupa una madhara. Neno arya, ambalo watunzi wa Veda walijiita, lilitwaliwa Ulaya likafanywa jina la mbari iliyodaiwa kuwa bora, na Wanazi wakaua mamilioni ya watu kwa itikadi hiyo. Nchini India kwenyewe, asili ya Veda imegeuzwa uwanja wa siasa. Tusisahau kwamba lugha hurithiwa kwa malezi, si kwa damu.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akituletea maneno mawili yanayofanana, tumwulize: Je, sauti zake zinalingana kwa kanuni? Je, huenda neno limekopwa? Je, maana yake imebadilika? Naye akituuliza sisi maswali hayo hayo mbele ya darasa zima, tusimkemee.