Kupima Hamu ya Kula Mahali Ambapo Chakula Hakina Uhakika

Hamu ya kula ni miongoni mwa hali za mwili ambazo sayansi imezipima kwa taabu kubwa, kwa sababu, tofauti na uzito au joto, haiwekwi kwenye mizani wala haisomwi na kipimajoto, na anayeijua ni mwenyewe tu. Wataalamu wa lishe huitenga na njaa: njaa ni mwili kudai nishati, tumbo likinguruma na viungo vikilegea, ilhali hamu ni shauku ya kula, ambayo yaweza kumjia aliyeshiba akipita penye samaki wa kukaanga na yaweza kumkimbia ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana. Damu nayo ina habari zake. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani walitangaza kugundua ghrelini, homoni inayotoka tumboni na kupanda kabla ya mlo. Lakini kiwango cha homoni hakisemi mtu anajisikiaje, na kwa hiyo watafiti wamelazimika kurudi kwenye njia kongwe ya kumwuliza mhusika.

Chombo kinachotumika zaidi ni mstari wa milimita 100 uliochorwa kwenye karatasi, upande mmoja ukiwa na maneno yanayoeleza kutokuwa na njaa kabisa na upande wa pili njaa isiyo na kifani. Mhusika hutia alama panapolingana na hali yake, kisha mtafiti hupima kwa rula umbali wa alama hiyo, na zoezi hurudiwa mara kadhaa kabla na baada ya mlo, pamoja na mistari mingine ya shibe na ya kiasi ambacho mtu anahisi angeweza kula. Mwaka 2000 Anne Flint na wenzake nchini Denmark walichapisha uchunguzi wa uthabiti wa mistari hiyo kwa vijana wa kiume waliopewa mlo uleule kwa siku tofauti, na ikadhihirika kwamba inafaa zaidi kumlinganisha mtu na nafsi yake kuliko kumlinganisha na jirani yake.

Vijana hao, hata hivyo, walikuwa wameandaliwa chakula. Hali hubadilika kipimo hichohicho kinapopelekwa Kawangware 46, mtaa wa magharibi mwa Nairobi unaojulikana kwa nambari ya matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, zinazofika hapo kutoka mjini. Wapo wakazi wanaotoka alfajiri kwa miguu kuelekea mitaa ya Lavington na Kilimani kufua nguo au kutafuta kazi ya mjengo, wakiwa wamekunywa chai ya strungi na andazi moja; saa saba hula chapati na madondo kibandani ikiwa mkononi kuna kitu, na kama hakuna husubiri malipo ya jioni ndipo wanunue unga, sukuma wiki na mafuta ya kupima. Kibarua wa namna hiyo akiulizwa saa nne asubuhi, huenda akatia alama yake karibu na sifuri, kwa kuwa ghrelini hufuata pia saa ambazo mtu amezoea kula, na mwili uliozoeshwa kungoja jioni haupigi kelele mapema. Mtafiti asiyejua ratiba hiyo ataandika kwamba ameshiba.

Kosa kubwa zaidi hutokea hamu inapotumiwa kama dalili ya hali ya moyo. Dodoso la PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke na wenzake wa Marekani, lina maswali tisa ya kupima sonona, yaani huzuni ya muda mrefu inayodhoofisha maisha ya mtu, na mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya uhakiki wake kwa watu wazima wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya. Swali la tano huuliza ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, mtu amesumbuliwa na kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi, na jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Hali mbili zinazopingana zimefungwa katika swali moja, jambo ambalo tayari ni udhaifu. Na katika chumba cha mabati ambamo mama husema hana njaa ili sufuria iwatoshe watoto, jibu lake laweza kuhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa, wakati kilichopungua ni unga.

Haifuati kwamba huzuni yake ni ya kubuni. Katika jaribio la kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula kwa miezi sita wanaume 36 waliojitolea, ambao walikuwa wamechaguliwa kwa afya njema ya mwili na akili. Walipoteza takriban robo ya uzito wao, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga, wakakosa raha, na mawazo yao yote yakageukia chakula. Kwa maneno mengine, upungufu wa chakula pekee ulitosha kuzaa hali inayofanana na sonona kwa watu waliokuwa wazima, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Kawangware mwili hufanya kazi kwa namna nyingine.

Miraa na muguka, mimea inayotafunwa kwa kuchangamsha, huongeza utata. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watu waliotafuna miraa walijihisi hawana njaa na wameshiba zaidi, ingawa ghrelini yao haikubadilika. Kwa hiyo kijana wa stejini anayesema hana hamu huenda anaeleza hali ya majani aliyotafuna, si ya moyo wake wala ya tumbo lake.

Kipimo kilichofaulu zaidi pengine ni kile kisichouliza lolote. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, kwa mfano wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki milimita 115, hupimwa hamu kituoni kabla ya kuamuliwa atibiwe wapi. Mama hunawa mikono, huketi naye mahali patulivu, humpa chakula tiba cha njugu karanga na maziwa kilicho katika pakiti ya gramu 92, humbembeleza bila kumlazimisha, na maji ya kunywa huwekwa karibu. Mhudumu hutazama tu, kisha hulinganisha kiasi kilicholiwa na jedwali la uzito. Anayekula vya kutosha, akiwa hana matatizo mengine, hutibiwa akitokea nyumbani. Anayekataa hulazwa, hata kama anaonekana mchangamfu, kwa sababu hamu iliyotoweka mbele ya chakula ni ishara kwamba ndani ya mwili kuna maambukizi au hitilafu kubwa.

Siri ya kipimo hicho ni kwamba chakula kipo wakati wa kupima, na hilo ndilo ambalo madodoso ya watu wazima yameliacha. Si vigumu kulirekebisha: maswali mafupi yanaweza kutumwa kwa ujumbe mara tatu kwa siku hata kwenye simu ya kabambe, yakiuliza njaa na hali ya moyo ya saa hiyohiyo, na kila mara yakitanguliwa na swali kama kulikuwa na chakula na nani alikila. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lina maswali yake manane kuhusu uhakika wa chakula, na la kwanza huhusu wasiwasi wa kukosa chakula kwa kukosa pesa. Kuyatenganisha hayo na PHQ-9 ni mazoea ya wataalamu, hayana msingi katika maisha ya anayeulizwa.

Kwa msomaji, inatosha kujua kwamba hamu inayopotea kwa wiki mbili wakati chakula kipo haifai kupuuzwa. Ikiambatana na kikohozi, jasho la usiku au kukonda, mhusika aende kupimwa kifua kikuu, ambacho matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma nchini Kenya. Ikiambatana na huzuni na kukosa usingizi, amweleze mhudumu yote mawili, pamoja na idadi ya milo aliyokosa wiki hiyo.