Picha zinapotoka na mistari au rangi mbaya: tuchunguze kabla ya kununua wino mwingine

Katika teritwari ya Opala, picha ya karatasi ingali na kazi kubwa. Inahitajika kwa fomu ya shule, kwa kadi ya ubatizo na kwa ukumbusho wa ndoa. Zaidi ya yote inahitajika siku ya matanga, familia inapotaka kuweka sura ya marehemu mezani mbele ya waombolezaji. Ndiyo maana printa ndogo ya picha, iliyowekwa nyumbani kwa mchungaji au kwa kijana anayejua kompyuta, ni msaada kwa watu wengi.

Shida huanza siku picha inapotoka na mistari myeupe, au nyuso zinapogeuka kijani. Wengi wetu husema mara moja, "Wino umekwisha." Basi wino mpya unaagizwa Kisangani. Unakuja kwa pikipiki katika njia ya matope, au kwa mtumbwi unaoshuka mto Kongo hadi Isangi na kupanda Lomami. Unapofika, picha inatoka vilevile, kwa sababu kosa halikuwa kwenye wino, na pesa ya familia imekwenda bure.

Hapa tunaeleza namna ya kutafuta kosa kwa utaratibu. Kanuni ni moja: tuanze na kile kisichogharimu kitu, tumalizie na kile cha kununua. Kwanza picha yenyewe, kisha karatasi, kisha matundu ya wino, na katriji mwisho kabisa.

1. Tuangalie picha yenyewe

Kama picha ina ukungu lakini haina mistari, mara nyingi printa haina kosa. Picha nzuri ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji nukta kama 1,200 kwa 1,800. Mara nyingi uso wa marehemu hukatwa kutoka picha ya kundi, pengine ya arusi, na uso huo una nukta 200 tu kwa upana. Tukiutanua hadi sentimita 10, hakuna wino utakaouokoa.

Tena, picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa njiani, na kila inapotumwa upya inaweza kupungua zaidi. Tutafute simu iliyoipiga picha ile, tuombe itumwe kama dokima, au tuichukue kwa waya au kwa kadi ya kumbukumbu. Kama haipatikani, ni afadhali kuchapa picha ndogo iliyo wazi kuliko kubwa isiyotambulika.

2. Tuangalie karatasi na mpangilio

Karatasi ya picha ina upande mmoja ulioandaliwa kupokea wino, mara nyingi ule unaong'aa. Ukichapa upande wa nyuma, wino hautulii; unasambaa na kupaka vidole. Pia lazima tuiambie printa ni karatasi gani tumeweka. Ikidhani ni karatasi ya kawaida, inapima wino vibaya na rangi zinafifia au zinalowa. Kwenye menyu ya Kifaransa tafuteni «type de papier», kisha chagueni «papier photo». Pale penye kuchagua ubora, chagueni ule wa juu.

Unyevu wa kwetu nao ni adui. Opala iko katika msitu wa ikweta, na karatasi iliyoachwa wazi hunywa unyevu wa hewa. Inajikunja, inakwama, na wino unatawanyika pembeni mwa mistari. Tuihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, tutoe zile tu tutakazochapa, na tusiziache ndani ya printa usiku kucha.

3. Tupime matundu ya wino

Printa ya wino ina kichwa chenye matundu madogo mno. Wino ukikauka ndani yake, sehemu ya picha haipati rangi, na hapo ndipo mistari myeupe inapotokea. Karibu kila printa ina kipimo chake. Kwa Kifaransa huitwa «vérification des buses», nacho huchapwa kwenye karatasi ya kawaida kwa wino kidogo sana. Kama mistari ya kipimo imekatika, matundu yameziba. Kama imekamilika, kosa liko kwingine, na hakuna sababu ya kusafisha kichwa.

Rangi ya picha pia inasema ni wino gani haufiki. Picha ikielekea wekundu, buluu ya samawati imekosekana. Ikielekea kijani, waridi imekosekana. Ikielekea buluu, ni manjano.

Matundu yakiwa yameziba, tumieni «nettoyage de la tête» mara moja, kisha pimeni tena. Ikibidi rudieni mara ya pili au ya tatu, halafu pumzisheni printa hadi kesho yake, kwa maana wino mkavu huhitaji muda wa kulainika. Msirudie mara kumi! Kila usafishaji hunywa wino kutoka katriji, na mtu anaweza kumaliza katriji nzima kwa kusafisha bila kuchapa hata picha moja.

Katika printa nyingine kichwa kimeshikamana na katriji yenyewe. Hiyo waweza kuitoa na kuigusisha taratibu kwenye kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kilicholowa kidogo kwa maji safi ya uvuguvugu. Kwa printa za namna hiyo, katriji mpya huleta kichwa kipya. Lakini kama kichwa ni sehemu ya printa, katriji mpya haizibui kitu, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa.

Kama mistari imekuwa miwili miwili, kama kivuli, matundu hayana neno. Tumieni «alignement» kukinyoosha kichwa.

4. Tuizime kwa kitufe chake

Neno hili ni kubwa kwetu tunaotumia jenereta na paneli za jua. Printa ikizimwa kwa kitufe, kichwa hurudi mahali pake na kufunikwa kisikauke. Jenereta ikizimika ghafula, kichwa chaweza kubaki wazi usiku kucha. Basi, kabla ya kuzima jenereta, tuzime printa na kungoja taa yake izimike. Na kila wiki tuchape picha moja ndogo yenye rangi zote, ili wino usilale.

5. Nyuso zinapokuwa nyeusi mno

Kioo cha simu kina mwanga wake, karatasi haina. Kwa hiyo picha huonekana nyeusi zaidi ikichapwa, na ngozi zetu zenye weusi hupoteza macho na tabasamu. Tuongeze mwanga wa picha kidogo kwenye simu, tuchape kipande kidogo cha uso kwanza, tukikague nje kwenye mwanga wa mchana, ndipo tuchape picha kubwa.

6. Baada ya kuchapa

Picha ya wino iachwe ikauke siku nzima kabla ya kufungwa ndani ya fremu au albamu. Isitundikwe penye jua, wala isiguse ukuta wenye unyevu. Wengi tunakumbuka kadi za uchaguzi za mwaka 2023: kadi nyingi zilififia hata sura na jina havikuonekana, na ikabidi watu wapewe nakala nyingine kabla ya uchaguzi wa Desemba. Maandishi na picha kwenye karatasi haviishi milele.

Kwa sababu hiyo tunawasihi ndugu na mama zetu wote: msifute picha kwenye simu baada ya kuichapa. Wekeni nakala kwenye kadi ya kumbukumbu, na nyingine kwa ndugu aliye mbali. Picha iliyoharibika yaweza kuchapwa tena mwezi ujao, wino ukipatikana. Lakini mzazi aliyekwisha kuzikwa hatapigwa picha ya pili.