Uchaguzi wa eneo la ofisi mjini Bariadi

Uchaguzi wa eneo la ofisi ni uamuzi wa mfanyabiashara, kampuni au shirika kuhusu mtaa na jengo ambamo kazi zake za kila siku zitafanyika: kupokea wateja, kutunza nyaraka, kulipa na kulipwa. Katika mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu kaskazini mwa Tanzania, uamuzi huo una sura yake ya pekee. Mji huo ulipata hadhi ya makao makuu ya mkoa mwaka 2012 tu, fedha zake hufuata kwa kiasi kikubwa msimu wa pamba, na barabara kuu inayopita mjini ni sehemu ya njia iunganishayo Shinyanga na Ziwa Viktoria. Kosa katika kuchagua jengo huweza kumgharimu mfanyabiashara mdogo mtaji wake wote, kwa kuwa kodi ya pango hulipwa mapema, mara nyingi ya miezi sita au mwaka mzima.

Mji uliopata mkoa

Kabla ya mwaka 2012 Bariadi ilikuwa makao makuu ya wilaya ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo serikali iliunda mikoa mipya ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Simiyu ulipewa wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, pamoja na Busega iliyokatwa kutoka Wilaya ya Magu mkoani Mwanza. Jina la mkoa limetokana na mto Simiyu unaomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 mkoani humo, na ile ya mwaka 2022 watu 2,140,497.

Kwa biashara ya ofisi, mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko ongezeko la watu lenyewe. Mkoa huja na ofisi ya mkuu wa mkoa, sekretarieti, polisi wa mkoa, mamlaka ya kodi, matawi ya mifuko na wakala mbalimbali za serikali. Kila ofisi ya aina hiyo huleta watumishi wanaopanga nyumba, wazabuni wanaotafuta kazi, na wananchi wanaohitaji fomu kujazwa, picha ndogo na nakala za vyeti. Mtu wa Mwanhuzi au Lagangabilili ambaye zamani angefuata huduma za ngazi ya mkoa Shinyanga sasa hushuka Bariadi.

Bariadi pia ina halmashauri mbili, na mgeni huzichanganya kwa urahisi. Halmashauri ya Mji wa Bariadi husimamia kata za mjini na zile za pembezoni, miongoni mwake Bariadi, Malambo, Sima, Somanda, Isanga, Nyangokolwa, Mhango na Nyakabindi. Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi husimamia vijiji vinavyouzunguka mji, Dutwa na Kasoli vikiwemo. Leseni, ushuru wa huduma na kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ambayo jengo limo ndani ya mipaka yake, kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali ni kiwanja kiko upande gani.

Nani anamfuata nani

Wanajiografia na wachumi wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Alfred Weber, Mjerumani, aliandika mwaka 1909 kuhusu viwanda vinavyovutwa na gharama ya usafirishaji. Mmarekani Harold Hotelling alieleza mwaka 1929 kwa nini wauzaji wa bidhaa ileile husogeleana badala ya kukimbiana. Walter Christaller, mwaka 1933, alionyesha namna miji ya ngazi mbalimbali inavyogawana huduma: huduma ya kila siku hupatikana kila mahali, ile inayohitajika mara chache hukaa katika mji mkubwa. Nadharia hizo zilitokana na Ulaya na Marekani, lakini hoja ya Hotelling mtu huiona kwa macho katika mji wowote wa Tanzania akitazama mafundi simu, maduka ya pembejeo au steshenari zilivyokaa mstari mmoja.

Kwa vitendo, ofisi zinaweza kutazamwa kwa kuuliza nani analazimika kufika mlangoni. Wakili, mthamini wa ardhi, wakala wa kodi na mwenye steshenari huishi kwa watu waliokwisha kwenda mahakamani, halmashauri au ofisi ya mapato. Kwao chumba kidogo cha uani karibu na ofisi hizo kina thamani kuliko fremu pana iliyo mbali, hata kama fremu hiyo inaonekana na kila basi linalopita. Wakala wa fedha kwa simu hutegemea mambo mawili yasiyokaa pamoja kila mara: wapita njia wengi, na benki iliyo karibu kwa ajili ya floti. Akiwa mbali na benki atamaliza fedha taslimu saa nne asubuhi na kumwambia mteja asubiri, na mteja wa namna hiyo hasubiri. Huvuka barabara kwa wakala mwingine.

Kampuni ya ulinzi, ofisi ya mhandisi, shirika lisilo la kiserikali au msambazaji anayepeleka mzigo kwa wateja wake hazina haja ya umati. Hizi ndizo zinazopoteza fedha zaidi kwa kung'ang'ania katikati ya mji. Nyumba katika mtaa tulivu wa pembeni huzipa maegesho, ukimya na pango nafuu, ilimradi matumizi ya kiwanja yanaruhusu ofisi. Duka la pembejeo, kwa upande wake, hufuata stendi na njia za minada, kwa sababu mkulima anayetoka kijijini hataki kubeba mbegu na dawa kutoka mtaa hadi mtaa akiwa na gari la kuwahi.

Umati wenyewe hupimwa kwa tahadhari. Viwanja vya maonyesho ya Nanenane vya Nyakabindi ni mfano mzuri. Maonyesho ya kitaifa ya wakulima yalifanyika hapo mwaka 2018, na yakarudi miaka iliyofuata, yakileta watu kutoka nchi nzima. Mfanyabiashara aliyetembelea Nyakabindi wiki ya kwanza ya Agosti angeweza kuapa kwamba hapo ndipo mahali pa kufungua ofisi. Mwezi wa Novemba angeona jambo jingine. Ndiyo maana wazoefu hulitazama jengo siku ya kazi na siku ya mapumziko, asubuhi na jioni, na ikiwezekana kwenye mvua.

Mvua ina nafasi yake katika hesabu hii. Sehemu kubwa ya Usukumani ina udongo mweusi wa mfinyanzi, uitwao mbuga, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba ukilowa. Kuta zilizojengwa juu yake bila msingi wa kutosha huonyesha nyufa za mshazari, na mitaa isiyo na lami wala mifereji hugeuka tope linalokwamisha hata bodaboda. Ofisi iliyo mita 200 kutoka lami inaweza kuwa karibu mwezi wa Julai na mbali mwezi wa Machi.

Barabara na alama ya X

Barabara kuu ya Bariadi huelekea Lamadi, takriban kilomita 72, ambako hukutana na barabara ya Mwanza–Musoma. Upande wa pili huelekea Maswa hadi Mwigumbi mkoani Shinyanga, takriban kilomita 100. Kuwekwa lami kwa sehemu hizo kumefanya fremu za kandokando ya barabara kuwa ghali na zenye kutafutwa.

Fremu hizo ndizo zenye hatari kubwa zaidi kisheria. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Majengo yaliyomo ndani ya hifadhi huwekewa alama ya X na Wakala wa Barabara, TANROADS. X nyekundu humaanisha kwamba jengo litaondolewa bila fidia. X ya kijani huwekwa kwa mwenye haki ya kulipwa, hasa aliyekutwa na upanuzi wa sheria mpya. Fidia ikiwepo, humlenga mwenye mali. Mpangaji aliyepaka rangi, akaweka dari, vioo na bango hubaki na mkataba wake mkononi. Kwa hiyo kuchukua futi kamba na kupima kutoka katikati ya lami si ushamba, na mwenye nyumba anayekasirika kwa kipimo hicho ametoa jibu. Ikumbukwe pia kwamba X iliyofutwa kwa chokaa mpya haijafutwa katika kumbukumbu za wakala. Barabara za mitaa zipo chini ya TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017, nazo zina hifadhi zake.

Kiwanja chenyewe huulizwa katika ofisi ya ardhi ya halmashauri. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 huzipa mamlaka za upangaji nguvu juu ya matumizi ya ardhi, na kiwanja cha makazi hakigeuki cha biashara kwa kubandika bango. Viwanja vilivyopangwa kwa makazi na biashara pamoja huepusha usumbufu huo. Katika maeneo yasiyopimwa, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa huwa chanzo cha kwanza cha habari kuhusu migogoro ya urithi na mipaka, jambo ambalo dalali hana sababu ya kulitaja.

Mkataba, leseni na mita ya umeme

Leseni ya biashara hutolewa kwa mahali mahususi. Anayefungua tawi la pili anahitaji leseni nyingine. Leseni za kundi A hutolewa na BRELA na zile za kundi B na halmashauri. Mwombaji huhitaji namba ya mlipakodi (TIN) na uthibitisho wa mahali pa biashara, kwa kawaida mkataba wa pango. Hapa ndipo makubaliano ya mdomo yanapokwama: mwenye nyumba asiyetaka kujulikana na mamlaka ya mapato hukataa kuandika mkataba, au huandika kiasi pungufu.

Sababu ya woga huo ni kodi ya zuio. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Mkataba wenyewe hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Wenye nyumba wengi hudai walipwe pango kamili, hivyo kodi hiyo humwangukia mpangaji. Jambo hili likizungumzwa kabla ya fedha kutoka, huwa ni hesabu ya kawaida. Likizungumzwa baada ya barua ya TRA, huwa ugomvi. Gharama nyingine za mwanzo ni malipo ya dalali, ambayo mara nyingi hulingana na pango la mwezi mmoja, na penye fremu zinazogombaniwa, kilemba kwa mpangaji anayeondoka.

Mita ya umeme nayo hukaguliwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa LUKU. Mpangaji mwenye mita yake hulipa kodi ya jengo lisilo lake bila kuhisi, isipokuwa wamekubaliana kurejeshewa. Wapangaji wanaochangia mita moja hugombania zaidi, hasa pakiwa na saluni au mashine ya kuchomelea katika fremu ya jirani.

Msimu

Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini. Ununuzi huanza kwa kawaida mwezi wa Mei, na pamba hupita katika vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS). Miezi inayofuata fedha huonekana mjini: pikipiki hununuliwa, mabati hupanda magari, madeni ya duka hulipwa. Dengu, choroko na alizeti huongeza kidogo. Ofisi inayotegemea wakulima hupaswa kukokotoa kama pango la mwaka litalipika kutokana na miezi hiyo michache, na tarehe ya kuanza mkataba ina uzito: anayesaini Aprili hufungua mlango fedha zinapokuja, anayesaini Oktoba hulipa miezi ya ukame kwanza.

Ofisi za umma zinapohama

Anayejipanga nyuma ya ofisi ya serikali hupanga maisha yake pamoja na ofisi hiyo. Mwaka 2019 serikali iliagiza halmashauri za wilaya zilizokuwa na makao nje ya maeneo yao ya utawala zihamie ndani ya maeneo hayo. Katika miji kadhaa ya Tanzania steshenari, migahawa na vyumba vya mawakili vilivyozunguka majengo ya zamani vilipoteza wateja. Dodoma ilionyesha jambo hilo kwa kiwango cha taifa: uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanyika mwaka 1973, lakini wizara zilianza kuhamia kwa wingi baada ya tangazo la mwaka 2016, na aliyejenga mapema mno alisubiri zaidi ya miaka 40.

Zipo biashara ambazo Bariadi si mahali pake hata kidogo. Ofisi ya watalii ina wateja zaidi Lamadi wilayani Busega, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Anayeshughulika na mizigo ya reli huitazama Malampaka wilayani Maswa, kituo cha reli ya kati katika njia ya Mwanza, ambayo pia ipo katika njia ya reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka.