Je, wajua? Mashine nyingi ndogo za CNC hazijui zilipo mpaka ziguse swichi

Ruta ndogo ya CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ikiwashwa, skrini huonyesha sifuri kwenye mihimili yote mitatu: X, Y na Z. Mafundi wengi huziamini sifuri hizo, kumbe hazina maana yoyote. Mota za mashine nyingi ndogo hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200, na hakuna kitu kinachorudisha taarifa kwamba hatua ilipigwa kweli. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine husahau iliposimama.

Kisichosahaulika ni ukubwa wa eneo lake. GRBL, programu huria iliyoanzishwa na Mnorwe Simen Svane Skogsegg mwaka 2009, hukaa ndani ya bodi ya Arduino Uno na kutunza urefu wa safari ya kila mhimili kwa milimita: $130 kwa X, $131 kwa Y na $132 kwa Z. Namba hizo hubaki hata umeme ukizimwa. Mashine huwa kama mtu aliyezinduka gizani: chumba anakijua upana wake, ila hajui amelala upande gani.

Dawa ni amri ya $H, ya kutafuta nyumbani, yaani mahali penye swichi. Z hupanda kwanza ili biti iachane na mbao, kisha X na Y huzifuata swichi zao. Kila mhimili hukimbia mpaka uguse swichi, hurudi nyuma kidogo, halafu huigusa tena polepole. Mguso wa pili ndio unaohesabiwa, kwa kuwa mwendo wa kasi hauna usahihi. Baada ya hapo mashine hujitenga na swichi kwa umbali ulioandikwa kwenye $27, kwa kawaida milimita 1.

Kutoka hapo hesabu huenda kwenye hasi. Kama $130 ni 300, X huishi kati ya 0 na -300.

Sasa ndipo kikomo cha programu, $20, kinapokuwa na kazi. Kabla ya kila mwendo wa programu ya kuchonga, GRBL hupima mwisho wake. Ukivuka mpaka, mashine hupunguza kasi, husimama na kutoa tahadhari huku ikikumbuka ilipo. Kikomo cha swichi, $21, husubiri mpaka swichi iguswe, kisha hukata mwendo ghafla. Hapo hatua huweza kupotea, na nyumbani lazima patafutwe upya. Hivi viwili havibadilishani kazi. Tena GRBL hukataa kuwasha $20 ikiwa utafutaji wa nyumbani, $22, umezimwa.

Kosa linaloudhi zaidi ni kuacha namba za awali. GRBL huja na milimita 200 kwa kila mhimili. Mwenye mashine ya milimita 800 akiwasha $20 huiona ikigoma robo ya njia, hukasirika, huandika $20=0 kukizima kikomo na kuendelea. Siku anayokosea sifuri ya kazi (mahali uchongaji unapoanzia kwenye mbao), gari la spindeli hugonga mwisho wa reli, mota hunguruma bila kusogea na mbao nzuri huharibika. Ni upotevu usio na sababu, hasa kwa karakana za Dar es Salaam na Nairobi ambako vipuri vingi huagizwa nje.

Kupima hakuchukui muda. Tafuta nyumbani, sogeza mhimili polepole kwa vitufe vya programu hadi karibu na mwisho wa reli, soma namba ya mashine (si ya kazi), punguza milimita chache, uiandike. Usinakili kipeperushi cha muuzaji. Na swichi zifungwe kwa njia ya mkondo unaopita muda wote, ili waya ukikatika mashine isimame.

Kikomo cha programu hakioni vibanio wala urefu wa biti. Hulinda safari ya mihimili tu. Utaratibu huo wa kuweka mipaka hutumika pia kwenye mashine za plasma, leza, printa za 3D, na hata mitambo mikubwa ya Fanuc, ambayo mipaka yake hukaa kwenye namba 1320 na 1321.

Vyuo vya ufundi vifundishe upimaji huu wa mipaka kabla ya mwanafunzi kuchonga kipande chake cha kwanza.