Launji ya ndege za ndani China: Mzazi, usitegemee kumlisha mtoto humo

Kwa familia nyingi za Kariakoo, safari ya China kufuata mzigo si jambo geni tena. Wapo kina mama wanaosafiri na mtoto anayenyonya, na wapo wazazi wanaoondoka na mwanafunzi wakati wa likizo.

Wengi hutua Guangzhou. Anayeendelea hadi Yiwu, kwenye soko kubwa la jumla la bidhaa ndogondogo, mara nyingi huunganisha kwa ndege ya ndani. Hapo ndipo mzazi hujikuta na saa kadhaa za kusubiri, mtoto amechoka na ana njaa. Akisikia kadi yake ya benki inamruhusu kuingia launji, hupata picha ya meza iliyojaa vyakula, vitanda na bafu. Launji nyingi za abiria wa ndani, hasa kwenye viwanja vidogo, haziko hivyo.

Utakachokikuta

Tarajia viti vya kuegemea, soketi za kuchajia simu, choo na kaunta ya vinywaji. Chakula mara nyingi ni tambi za kikombe za kumwagia maji ya moto, biskuti, karanga na matunda kidogo. Kwingine kuna uji mwepesi wa mchele au maandazi ya mvuke. Bafu la kuogea ni nadra.

Familia za Kiislamu ziwe makini zaidi. Tambi na maandazi hayo mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe au mafuta yake, na hata tambi za ng'ombe si lazima ziwe halali. Tafuta maandishi haya kwenye pakiti: 清真. Maana yake ni chakula cha Kiislamu. Usipoyaona, mpe mtoto ulichobeba.

Beba chakula chako

Unga wa uji uliokwisha kupikwa, biskuti alizozoea na maziwa ya kopo vitakusaidia kuliko kaunta ya launji. Maji ya moto hayatakusumbua, kwani viwanja vya ndege vya China vina mashine za maji ya kunywa, ya moto na ya vuguvugu, bure kwa kila abiria. Maji ya chupa huzuiwa kwenye ukaguzi, lakini maziwa ya mtoto mchanga huruhusiwa baada ya kukaguliwa. Viwanja vikubwa vina pia chumba cha kunyonyeshea na kubadilishia pampasi, nje ya launji.

Usisubiri kuitwa

Viwanja kadhaa vya China vimepunguza matangazo ya vipaza sauti, na yanayotolewa huenda yakawa kwa Kichina. Mzazi akisinzia na mtoto kifuani, ndege inaweza kumwacha. Weka kengele ya simu, angalia ubao wa safari kila mara kwa sababu geti hubadilishwa, na uwe getini dakika 40 kabla ya kuruka. Geti huweza kufungwa dakika 15 kabla, na safari nyingine huanza kwa basi la kukupeleka hadi kwenye ndege.

Simu na pawabenki

Intaneti ya bure mara nyingi huhitaji namba ya simu kupokea msimbo, na kwa intaneti hiyo WhatsApp haifunguki. Mwambie mapema aliyebaki nyumbani, asije akakesha akidhani kuna baya.

Tangu Juni 28, 2025, pawabenki isiyo na alama ya 3C hairuhusiwi kwenye ndege za ndani za China. Nyingi zinazouzwa mitaani hazina alama hiyo, hivyo igeuze uangalie kabla ya kuondoka. Yenye alama hubebwa mkononi, kamwe si kwenye begi la kupakiwa.

Je, ulipie?

Kabla ya kuondoka, iulize benki maswali matatu: kadi inakubalika launji za ndani au za kimataifa tu? Inaingiza watu wangapi? Mtoto analipiwa?

Kama kuingia ni bure, ingia upumzishe mgongo na uchaji simu. Kama unatakiwa kulipa na muda wa kusubiri ni mfupi, fedha hiyo itafaa zaidi kununulia mlo kamili kwenye mgahawa wa uwanjani. Maji ya uji wa mtoto utayapata hata kwenye viti vya getini.